Rangi ya Kitu Kisicho na Rangi

Kromu ina rangi gani? Ukimwuliza mtu rangi ya ndizi mbivu, au ya tofali la kuchoma, hatasita kukujibu. Ukimwuliza rangi ya bampa la gari la zamani, atakwambia upesi kwamba ni silva. Basi mpe brashi na kopo dogo la rangi ya silva, umwambie apake bampa la kigari cha mfano chenye urefu wa shubiri moja. Atakapomaliza, mbele yenu patakuwa na kitu kinachofanana na sufuria kuukuu iliyosuguliwa kwa mchanga. Kimefanana na madini, naam, lakini hakikufanana na kromu. Mpakaji atalaumu rangi, atalaumu brashi, pengine atalaumu macho yake. Kosa haliko huko. Kosa liko katika jibu la lile swali la kwanza.

Jina lenyewe la madini haya ni mzaha wa historia. Mwaka 1797 mwanakemia Mfaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, alipokuwa akichunguza mawe mekundu yaliyoletwa kutoka Urusi, alitambua ndani yake madini ambayo hayakuwa yamejulikana. Yalipewa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "rangi", kwa sababu michanganyiko yake hutoa rangi za kila namna: manjano, machungwa, kijani, nyekundu. Wekundu wa yakuti na ukijani wa zumaridi hutokana na chembe zake chache. Lakini madini yenyewe yakishasafishwa na kung'arishwa, rangi yake karibu yote ni ya kuazima. Juu yake utaona mbingu, barabara, ukuta wa jirani na uso wako mwenyewe. Kitu kilichopewa jina la rangi ndicho kisicho na rangi.

Nia yangu katika insha hii ni kueleza jinsi waundaji wa vigari vya mfano walivyohangaika kwa muda wa zaidi ya miaka tisini kuuiga mng'aro huo, na kile walichojifunza katika kuhangaika kwao. Huenda msomaji akaona ni jambo la kitoto. Mimi niliyetumia umri wangu kuwafundisha watoto sioni aibu kwa jambo la kitoto, maadamu lina funzo ndani yake.

Tuanze na gari lenyewe, maana mtu hawezi kuiga asichokijua. Magari ya mwanzo hayakuwa na kromu hata chembe. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuja na rejeta ya shaba ya manjano iliyohitaji kusuguliwa kila mara isije ikafifia. Ilipofika modeli ya mwaka 1917, shaba hiyo iliondolewa na ganda la rejeta likapakwa rangi nyeusi. Magari mengine ya zama hizo yalichovywa nikeli. Nikeli hung'aa vizuri, lakini mng'aro wake una umanjano kidogo, na hewa huufubaza upesi. Hata Ford Model A za mwaka 1928 na 1929 zilikuwa za nikeli, na zile za mwaka 1930 na 1931 zikatumia chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo mtu anayeunda kigari cha mojawapo ya magari hayo akakipaka kromu amekosa kabla hajaanza. Wahenga walitwambia vyote ving'aavyo tusidhani ni dhahabu. Mwunda vigari hana budi kuongeza kwamba vyote ving'aavyo si kromu.

Kromu ilichelewa kwa sababu ilikuwa ngumu kuikamatisha. Watu walijua namna ya kuchovya chuma katika fedha au nikeli kwa nguvu ya umeme tangu karne ya 19, lakini kila walipojaribu kromu, matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Katikati ya miaka ya 1920, Profesa Colin Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alionyesha siri iliyokuwa imefichika: katika beseni la asidi ya kromi panahitajika salfeti kidogo sana, takriban sehemu moja kwa sehemu mia za asidi. Ikizidi, kazi inaharibika; ikipungua, kazi inaharibika pia. Baada ya hapo viwanda vya magari vya Marekani vilikimbilia kromu, na ilipofika mwaka 1930 nikeli ilikuwa imeanza kuonekana ya kizamani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni wembamba wa kitu hiki. Bampa la chuma lilichovywa kwanza shaba nyekundu, kisha nikeli, na kromu ikaja juu kabisa, ngozi ambayo aghalabu haifiki hata nusu ya mikroni. Chukua milimita moja uigawe mara elfu mbili, upate unene ambao kromu ya bampa mara nyingi haiufikii. Ule uimara tuliokuwa tukiusifu katika magari ya zamani ulikuwa kazi ya chuma na nikeli. Kromu ilikuwa mlinzi wa mlangoni tu, anayezuia hewa isiingie na kuharibu mng'aro. Kwa maneno mengine, hata gari la kweli lilikuwa limepakwa. Hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linalomwondolea mwunda vigari hatia ya udanganyifu.

Vita vilileta kituo. Mwanzoni mwa mwaka 1942 serikali ya Marekani ilikataza mapambo ya kung'aa katika magari ya raia, isipokuwa mabampa, na magari machache yaliyotoka kiwandani wakati huo yalipakwa rangi ya kawaida pale ambapo pangekuwa na kromu. Februari mwaka huohuo uundaji wa magari ya raia ukasimama kabisa. Amani iliporudi, watu wakawa kama waliofungua saumu. Katika kampuni ya General Motors, chini ya mkuu wa usanifu Harley Earl, kromu iliongezeka mwaka hadi mwaka. Buick ya mwaka 1958 ilikuwa na shoo ya mbele iliyopangwa vipande vya mraba 160, kila kimoja kikiwa kimenakshiwa ili kidake mwanga kwa pande zake zote. Mwaka uliofuata ikaja Cadillac yenye mapezi marefu nyuma kama papa. Baada ya hapo watu walikinai. Mabampa ya plastiki na mapambo meusi yakachukua nafasi, na katika miaka ya 1980 gari jipya lililosheheni kromu lilikuwa limekwisha kuwa kitu cha nadra.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu vigari vya mfano vinavyopendwa zaidi na waundaji ni vya magari ya miaka ile ya kromu nyingi. Anayetaka kuunda Buick ya 1958 anajitwika mzigo wa miraba 160 katika shoo isiyozidi upana wa vidole vinne.

Sasa tugeukie vigari. Mwaka 1934 kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyoanzishwa na Frank Hornby, ilianza kutumia jina la Dinky Toys kwa vigari vyake vidogo vilivyosubiwa kwa aloi ya zinki. Kiwanda hakikuweza kuchovya kila bampa kromu kwa bei ambayo mtoto angeimudu. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walitia rangi ya silva kwenye shoo, taa na mabampa, wakitumia vifuniko vyenye matundu ili rangi iliyopulizwa iingie panapotakiwa tu. Hapo ndipo desturi ilipozaliwa: silva ikawa alama ya kromu, kama vile katika ramani buluu ilivyo alama ya maji. Hakuna mtoto aliyedanganyika kwamba bampa lile ni kromu. Alisoma ile alama, akaridhika. Kiwanda hicho kilifungwa mwishoni mwa mwaka 1979, lakini alama yake imebaki.

Mwaka 1956 alitokea mshindani, Corgi Toys, aliyetengeneza vigari vyenye madirisha ya plastiki angavu. Corgi ndio walioleta Afrika Mashariki katika historia hii. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari. Mwaka 1965 Corgi walitoa kigari cha Volkswagen ya Safari, na ndani ya boksi wakamweka kifaru. Mtoto wa Uingereza aliletewa nyika yetu mezani kwake kwa sura ya gari la Mjerumani na mnyama mmoja.

Mwaka huohuo Corgi walitoa Aston Martin ya James Bond. Katika filamu gari lile lilikuwa la rangi ya fedha, lakini Corgi walilipaka rangi ya dhahabu. Sababu iliyotolewa ni kwamba kigari cha silva kingeonekana kama kilichotoka katika kalibu bila kupakwa rangi. Msomaji azingatie jambo hilo. Watu waliokuwa wakitumia silva kila siku kama alama ya mng'aro walijua vizuri kwamba silva ikitandazwa mahali papana haing'ai, bali inakuwa chuma kitupu.

Huko Marekani njia ilikuwa nyingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1940, kampuni kama AMT na Jo-Han zilitengeneza vigari vya kipimo cha 1 kwa 25 kwa ajili ya wauza magari, ambao waliwapa au kuwauzia wateja ili kuitangaza modeli mpya ya mwaka. Mwaka 1958 AMT walianza kuuza vigari vya namna hiyo vikiwa vipandevipande katika boksi, mnunuzi aviunganishe mwenyewe nyumbani. Vipande vya mabampa, shoo na vifuniko vya magurudumu vilikuja viking'aa kweli, na vijana wakaamini kwamba ni kromu. Haikuwa kromu. Vipande vya plastiki hupakwa vanishi, huwekwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote, na humo waya wa alumini hupashwa moto hadi ukawa mvuke. Mvuke huo huganda juu ya plastiki kama umande juu ya majani. Tabaka linalopatikana ni jembamba hata kuliko kromu ya bampa la kweli, na ni alumini tupu.

Ungedhani tatizo limekwisha. Lahasha, ndipo lilipoanza. Kwanza, vipande hivyo hukatwa kutoka katika vijiti vilivyovishika, na kila kinapokatwa hubaki kidonda cheupe cha plastiki. Pili, mng'aro ule ni mkali mno. Kigari hufanana na kijiko kipya. Tatu, na hili ndilo kubwa, mapambo mengi ya gari hayako kwenye bampa. Yako mwilini: ukanda unaopita ubavuni, fremu za madirisha, ukingo wa kioo cha mbele, herufi za jina juu ya boneti. Hayo yote yamesubiwa pamoja na mwili wa kigari kama mistari iliyoinuka kidogo, na kiwanda hakiwezi kuyang'arisha bila kung'arisha mwili mzima. Kazi hiyo aliachiwa mwunda kigari na brashi yake.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukanda wa kromu wenye upana wa milimita 12 katika gari la kweli unakuwa chini kidogo ya nusu milimita katika kipimo cha 1 kwa 25. Katika kipimo cha 1 kwa 43, ambacho ni maarufu kwa vigari vya chuma, haufiki theluthi ya milimita. Mkono ukitetemeka kwa upana wa unywele, ukanda umepinda. Hata hivyo mkono hufundishika, na wengi walifikia kuchora mstari ulionyooka kabisa. Kilichowashinda kilikuwa kwamba mstari ulionyooka wa silva bado haukuwa kromu.

Sababu ni mbili, na zote zinaelezeka. Rangi ya silva ya kawaida ni vipande vidogo mno vya alumini vinavyoelea ndani ya mafuta. Rangi inapokauka, vipande hivyo hulala ovyo, kila kimoja kikielekeza mwanga upande wake. Kioo hurudisha picha kwa sababu uso wake ni mmoja na umetulia. Ukikivunja vipande elfu moja ukavimwaga sakafuni, mwanga utabaki, ila picha itapotea. Silva ni kioo kilichomwagwa sakafuni. Sababu ya pili ni kwamba silva ni nyeupe mno. Fedha halisi hurudisha karibu asilimia 95 ya mwanga unaoipiga, na alumini karibu asilimia 90. Kromu hurudisha kama theluthi mbili tu. Kumbe kromu ni nyeusi kuliko fedha! Yule anayeongeza weupe ili bampa lake ling'ae zaidi anazidi kuukimbia ukweli.

Mafundi walitafuta njia. Wengine walitumia karatasi ya alumini nyembamba mno yenye gundi upande mmoja, wakaibandika juu ya ukanda, wakaikandamiza kwa kijiti cha mbao laini, kisha wakakata kingo zake kwa ncha mpya ya wembe. Njia hii ingali inapendwa, nayo ina uaminifu wake, kwa sababu karatasi ile ni kioo cha kweli. Wengine walitumia rangi za kupulizia zenye chembe ndogo mno za alumini, juu ya rangi nyeusi inayong'aa kama kinanda. Wengi hushangaa kwa nini weusi utangulie. Chembe hizo hulala kwa tabaka jembamba sana, kiasi kwamba weusi wa chini huonekana kidogo kupitia kwake, ukaupa mng'aro kina. Pakiwa na kasoro moja ya vumbi au mkwaruzo katika nyeusi ile, itaonekana. Kwa hiyo kazi yote imo katika matayarisho, katika msasa na subira. Hapo nyeusi imeingia kwa mara ya kwanza kama rafiki wa mng'aro, na ningependa tuifuate.

Swali hili la kuiga madini si la jana. Mwaka 1435 Mwitalia Leon Battista Alberti aliandika kitabu juu ya uchoraji, na ndani yake aliwakosoa wachoraji waliobandika dhahabu halisi katika picha zao. Alitoa sababu mbili. Alisema fundi hustahili sifa zaidi anapouonyesha mng'aro wa dhahabu kwa rangi za kawaida. Na akaongeza kwamba dhahabu halisi ikiwekwa juu ya ubao bapa, mahali panapopaswa kuwa na giza huonekana pana nuru, na mahali pa nuru huonekana pana giza. Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, Jan van Eyck wa Bruges alikuwa amechora picha ya mume na mke iliyoko leo katika jumba la National Gallery, London. Juu ya vichwa vyao inaning'inia taa ya shaba ya manjano, inayong'aa hadi mtu atamani kuigusa. Mng'aro wake ni kahawia, manjano iliyofifia, nyeusi, na vidoa vichache vya karibu weupe.

Karne tano baadaye wachoraji wa matangazo ya magari walikuwa wakifanya kazi ileile. Art Fitzpatrick na Van Kaufman walichora matangazo ya Pontiac tangu mwaka 1959 hadi 1971, na mtu anayeyatazama huona bampa linalometameta kama kisu. Jongeza macho, utaona buluu, kijivu, kahawia, mstari mweusi, na mahali padogo palipoachwa peupe. Wapakaji wa vigari walipozitazama picha za namna hii walipata ufunguo. Bampa limevimba kama tumbo la mtungi. Nusu yake ya juu inatazama mbinguni. Basi huonyesha mbingu, buluu iliyokolea juu na inayopauka kadiri inavyoshuka. Nusu ya chini inatazama ardhi. Basi huonyesha ardhi, kahawia au kijivu cha lami. Katikati, pale mbingu na ardhi zinapokutana, pana mstari mmoja wa giza, ambao ni upeo wa macho pamoja na miti na nyumba zilizosimama juu yake. Mara tu juu ya mstari huo mweusi, panakuwa na weupe mkali kuliko mahali pengine popote. Weka mstari mweusi na mstari mweupe ubavu kwa ubavu, na jicho litasema "kromu" kabla akili haijauliza.

Kwa ukanda wa nusu milimita hakuna nafasi ya mbingu wala ardhi. Hapo hutosha mstari wa kijivu kilichopauka, na chini yake uzi wa nyeusi iliyoyeyushwa sana, unaoingia katika kona ambapo ukanda unakutana na mwili wa gari. Kwa shoo, rangi nyeusi nyepesi huachwa ijikusanye katika mashimo yenyewe, kisha migongo ya nondo zake hufutwa kwa kitambaa. Nimekwisha kuona shoo ya kigari iliyokuwa iking'aa kwa ukali wa kiwandani, bila umbo lolote, ikageuka kuwa shoo halisi kwa tone moja la rangi nyeusi. Hakuna mng'aro ulioongezwa. Liliongezwa giza.

Lazima nikiri kwamba wapo wanaoipinga njia ya kuchora mbingu na ardhi, nao wana hoja. Wanasema mwakisiko uliochorwa hauendi na mtazamaji. Ukikigeuza kigari, mbingu inabaki palepale ilipopakwa, ilhali katika kromu ya kweli kila kitu hutembea. Ni kweli. Lakini wao pia wana shida yao. Kigari chenye kioo cha kweli kikiwekwa mezani chini ya taa ya umeme huakisi dari, taa na kidole cha mtazamaji kikubwa kama mti. Hakiakisi barabara, kwa sababu hakiko barabarani. Kioo cha kweli husema ukweli juu ya meza; rangi husema ukweli juu ya gari. Maoni yangu ni kwamba fundi mwenye busara huchanganya: hutumia rangi ya kung'aa kwa bampa, kisha huongeza kwa brashi ule mstari wa giza ambao dari ya chumba haiwezi kumpa.

Somo hili nimelikuta darasani mara nyingi, bila gari lolote. Katika chuo cha ualimu tulisisitiziwa kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumsaidia achore anachokiona. Miaka mingi niliweka kijiko mezani nikawaambia wanafunzi wakichore. Karibu wote walichukua penseli wakapaka kijivu kutoka mwanzo wa kijiko hadi mwisho. Niliwaomba wahesabu vitu wanavyoviona ndani ya kijiko. Hapo kelele zilianza: dirisha, mwalimu, bati la paa, mti wa mwembe umepinduka kichwa chini! Baada ya hapo vijiko vilivyochorwa vilikuwa vijiko. Sikuwafundisha kuchora, niliwazuia tu wasijibu kabla hawajatazama. Neno "silva" lilikuwa limewafumba macho, kama linavyowafumba wapakaji wa vigari.

Kutazama vizuri kuna uchungu wake pia, kwa kuwa mng'aro wa kweli ulikuwa na gharama ambayo haikuonekana juu ya bampa. Beseni la asidi ya kromi hutoa ukungu wa asidi. Wafanyakazi wa viwanda vya kuchovya walipata vidonda vya ngozi visivyopona upesi, na wengi walitobolewa ukuta wa ndani ya pua. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kromu ya namna hiyo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tangu Septemba 2017 matumizi yake katika nchi za Umoja wa Ulaya yanahitaji kibali maalumu.

Sisi wa Afrika tuna kumbukumbu yetu nyingine. Mawe ya kromu yamejaa Afrika Kusini na Zimbabwe. Umoja wa Mataifa ulipoiwekea vikwazo serikali ya walowezi wa Rhodesia, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1971 sheria iliyoruhusu kromu ya Rhodesia inunuliwe, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1977. Sehemu kubwa ya kromu hiyo ilikwenda katika chuma kisichoshika kutu wala si katika mabampa. Hata hivyo madini ni yaleyale. Kwa miaka sita madini yalipimwa, na uhuru wa watu ukapimwa, na madini yakaonekana mazito zaidi. Kromu ikiakisi kila kilicho mbele yake, haikuyaakisi hayo.

Hivyo basi ninapolinganisha aina tatu za kromu nilizozieleza, mizani yangu inaegemea mahali pasipotarajiwa. Kromu ya gari ni ngozi isiyofika nusu ya mikroni juu ya nikeli. Kromu ya kiwanda cha vigari ni mvuke wa alumini juu ya plastiki. Kromu ya mpakaji ni kijivu, kahawia, nyeusi na tone la nyeupe. Zote tatu ni rangi juu ya kitu kingine. Tofauti ni kwamba ya kwanza na ya pili hazimdai mtazamaji lolote ila kuvutiwa, na ya tatu haikubali kutokea mpaka mtu akae chini, atazame bampa kwa makini, na kukubali kwamba aliyodhani ni silva ni mbingu na ardhi.

Kwa kijana au mzee mwenzangu anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni mfupi. Fungua madirisha, maana vimumunyisho vya rangi si rafiki wa mapafu. Jua gari lako ni la mwaka gani, usije ukaweka kromu mahali pa nikeli au shaba. Nenda nje ukalitazame gari la zamani lililoegeshwa juani, au hata bomba la maji jipya, na useme kwa sauti rangi unazoziona, moja baada ya nyingine, bila kulitaja jina la madini. Kisha rudi mezani, na kabla ya kufungua kopo la silva, fungua kwanza la nyeusi.